Mwisho Ambao Fundi Miwani Hakuuona

Wahenga hawakusema kwamba mwongo hana njia. Njia anayo, tena huanza pana na laini, na anayeipita huona raha kama aliyepakwa mafuta miguuni. Walichosema ni kwamba njia hiyo ni fupi. Mwongo huianza safari kwa mbwembwe, akiwasalimu watu huku na huku, na kabla miguu haijapata moto anajikuta uso kwa uso na ukuta. Asiyeamini na asikilize yaliyompata fundi miwani mmoja, mtu mwema asiye na ugomvi na yeyote, aliyependa sinema kuliko chakula.

Duka lake lilikuwa mkabala na ukumbi wa sinema. Siku nzima alikaa nyuma ya kioo, bisibisi ndogo mkononi, akinyoosha fremu zilizokaliwa na kukaza skrubu zisizoonekana kwa macho ya kawaida. Wenzake walimwita Jicho, lakini jina hilo hakulipata kwa ajili ya miwani. Alipewa na wapenzi wa sinema waliokutana kila Jumapili alasiri kwenye mgahawa uliopakana na ukumbi ule, wakinywa chai na kubishana ni filamu gani inayostahili kutunukiwa tuzo kuu za mwaka. Walikuwa mabingwa wa ubishi. Mwalimu, mstaafu wa hesabu, alizipima filamu kama anayesahihisha mtihani, na hakuna aliyewahi kumsikia akitoa alama zote. Mama Vitambaa, mwenye duka la nguo, alimsamehe mwigizaji kila kosa isipokuwa kuvaa vibaya. Dereva wa gari la wagonjwa alisinzia katikati ya kila filamu kwa uchovu wa zamu, na hakuona haya kuwaambia, "Hapo nilikuwa nimelala, nielezeni," kisha akabisha kuliko wote. Ubishi ukifika shingoni, macho yote yalimgeukia Jicho. Akisema filamu fulani inastahili, hata Mwalimu alinyamaza kidogo kabla ya kupinga.

Meza ile ilikuwa na mwiko mmoja, kwamba mwisho wa filamu hauguswi. Meza za jirani zilijaa watu waliongojea onyesho la jioni, na siku moja mzee mmoja nusura ammwagie Dereva chai kwa kumtobolea nani alikuwa muuaji. Tangu hapo wakakubaliana wabishane juu ya waigizaji, picha, muziki, hata viatu, lakini mwisho wauache mpaka filamu iondolewe ukumbini, na wakati huo kwa kawaida walikuwa wameshaingia kwenye ubishi mwingine. Mwiko huo ndio uliomlinda Jicho kwa muda mrefu, na ndio uliokuja kumtia kitanzi.

Kwa maana Jicho alikuwa na siri. Tangu mkewe afariki, hakuwa ameona filamu hata moja ndani ya ukumbi ule. Mke wake alikata roho hospitalini baada ya kuugua muda mrefu. Jioni hiyo umeme ulikatika wodini, na Jicho, akiwa ameushika mkono wa mkewe gizani, alimsimulia filamu waliyoiona pamoja enzi za uchumba ili kumpunguzia maumivu. Taa ziliporudi, mkono ulikuwa bado kiganjani mwake, lakini mwenye mkono alikuwa ameshakwenda. Kuanzia hapo giza likawa adui yake. Nyumbani alilala na taa. Mara ya kwanza aliporudi ukumbini, taa zilipofifia alihisi mkono unapoa tena kiganjani, na kabla picha ya kwanza haijatokea alikuwa nje, ameegemea ukuta, akihema kama aliyefukuzwa na mbwa.

Angeweza kusema. Kama Dereva aliweza kukiri usingizi wake kila wiki na watu wakacheka yakaisha, naye angesema na dunia isingepasuka. Lakini mtu anayeitwa Jicho atawaambiaje watu kwamba anaogopa giza kama mtoto wa chekechea? Isitoshe, nyumbani kwake kulikuwa kimya, na meza ile ya ubishi ndiyo familia aliyobakiwa nayo. Aliogopa kwamba wakimjua watamwonea huruma, na wakishamwonea huruma hawatabishana naye tena. Basi akachagua kusema uongo.

Uongo wenyewe aliupanga vizuri kama anavyopanga lenzi kwenye fremu. Alikata tiketi, akaingia na wenzake, akaketi kiti cha mwisho kabisa nyuma. Aliwaambia kwamba mjuzi hukaa nyuma ili aione picha nzima, nao wakamwamini. Taa zikianza kufifia alinyanyuka taratibu, akatoka kwa mlango wa pembeni, akavuka barabara hadi dukani kwake. Mkata tiketi alimwona mara nyingi akitoka mbio huku amejishika, akadhani ana matatizo ya tumbo, akamwonea huruma na kunyamaza. Filamu ikikaribia kwisha alirudi kungoja mlangoni, na taa zikiwaka tu akaingia, akawa wa kwanza kupiga makofi.

Aliyemsimulia filamu zote alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, msusi wa nywele mwenye ulimi usiochoka. Yeye tu ndiye aliyeijua siri. Alikuwa na kipaji cha kusimulia hata mtu akaiona filamu mbele ya macho yake, na kila Jumapili Jicho aliwaacha wenzake wakiagiza chai kwanza, akapitia dukani kwake kumsikiliza shemeji huyo aliyetoka kuitazama filamu, yeye amefunga macho. Shemeji alimtania kwamba anamlisha kama kifaranga, na kwamba siku akigoma Jicho atakufa njaa ya maneno. Utani ulikuwa utani, lakini dada yake alifia mikononi mwa mtu huyu, na kumwona akitabasamu kulimpa faraja ambayo hakuipata kwingine.

Mambo yaliharibika ilipokuja filamu iliyoitwa *Chumba cha Mpangaji*. Ilikuwa filamu ya kuogofya, juu ya bibi mwenye nyumba anayeishi na mpangaji asiyetoka chumbani mwake. Kodi inapitishwa chini ya mlango, chakula kinaachwa kizingitini, na usiku bibi anasikia mtu akipumua upande wa pili. Shemeji alisimulia, naye Jicho ameinama mbele kwenye kiti, vinyweleo vimemsimama. Macho yake yalimetameta kama zamani, alipokuwa akija kwao kumposa dada yake. Alipofikia mahali bibi anaposhika kitasa, Shemeji akasita.

Ukweli ni kwamba hakuuona mwisho. Simu ilimwita wakati huohuo, mwanawe ameanguka uwanjani kwenye mazoezi, naye akatoka nje kuipokea. Aliporudi, taa zilikuwa zimewashwa na watu wamekaa kimya kama waliotoka mazikoni. Angesema hivyo, lakini Jicho alikuwa amemkodolea macho, anauliza, "Enhe, akafungua?" Shemeji hakuwa na moyo wa kumkatia raha. Akajibu kwamba alifungua, na chumba kilikuwa kitupu, dirisha wazi, jua la asubuhi limejaa sakafuni, na bibi akaketi katikati ya mwanga ule akalia. Jicho naye akalia. Alisema hajapata kusikia mwisho mzuri kama huo maishani mwake.

Jumapili hiyo aliitetea filamu ile mezani kwa moto ambao wenzake hawakuwahi kuuona. Mwalimu alikuwa upande wa *Mbio za Asubuhi*, filamu ya msichana mkimbiaji, akasema ndiyo iliyokamilika kimahesabu. Lakini hata yeye alikiri kwamba *Chumba cha Mpangaji* ina mwisho usiosahaulika. "Mimi nilimshika mkono mtu nisiyemjua," alisema, kisha akaukumbuka mwiko, akajifuta midomo na kuagiza chai nyingine. Jicho aliitikia kwa kichwa kama aliyekuwepo. Moyoni akawaza kwamba kumbe hata mtu mkavu kama Mwalimu hulia.

Mwaka huo waandaaji wa tuzo walitangaza kwamba kila ukumbi wa sinema utapewa kura moja ya watazamaji. Meneja wa ukumbi akaona hapo pana jambo. Aliitisha mjadala wa hadhara Jumamosi mchana, ambapo Jicho angeitetea *Chumba cha Mpangaji* na Mwalimu angeitetea *Mbio za Asubuhi*, watazamaji wanyooshe mikono, na filamu itakayoshinda ipewe kura ya ukumbi. Zote mbili zilikuwa zimeshaondolewa ukumbini, kwa hiyo ule mwiko wa kutogusa mwisho ulikuwa umekufa. Tena muongozaji wa *Chumba cha Mpangaji* angehudhuria. Alikuwa mama mtu mzima aliyetengeneza filamu yake ya kwanza kwa shida, na meneja alidokeza kwamba bila kura za watazamaji hakuwa na tumaini kubwa.

Jicho alisikia kwamba muongozaji atakuwepo. Kuanzia siku hiyo hofu ilihamia kwake kama mpangaji yule. Alipokaza skrubu bisibisi ilimteleza, akakwangua lenzi ya mteja. Mtu akisimama ghafla mlangoni alishtuka, akidhani amekuja kumwambia kwamba wameshajua. Usiku aliwasha taa ya chumbani na ya sebuleni, na bado aliota yuko jukwaani na watu wote ukumbini wamefumba macho. Kinachoogopesha katika uongo si siku ya kuumbuka peke yake, ni zile siku zote kabla yake ambazo mtu huumbuka peke yake kitandani.

Mlango wa kutokea alifunguliwa, tena mara mbili. Kwanza meneja alikuja dukani akamwambia kwamba nakala ya filamu bado ipo, kwa hiyo aje aitazame tena peke yake, ukumbi mzima wake, ajiandae vizuri. Jicho aliwaza ule ukumbi mtupu taa zikizimwa. Akajibu kwamba haina haja, filamu yote imo kichwani.

Mara ya pili alikuwa Shemeji, asubuhi ya mjadala wenyewe. Alikuja mapema kabla ya kufungua saluni, akasimama katikati ya duka akizungusha kitana kidoleni. Alimwomba asiutie chumvi nyingi ule mwisho, akazungumze zaidi juu ya waigizaji. Jicho alicheka, akamwambia asimfundishe samaki kuogelea. Shemeji alikirudisha kitana mfukoni. Aliogopa kumwambia Jicho kwamba yale machozi aliyalilia jua lisilokuwepo, na aliogopa zaidi kwamba hatamwamini tena. Akajisemea kwamba huenda mwisho hautatajwa. Akaenda zake, na woga wake ukawa sawa na wa mwenzake.

Mchana ukumbi ulijaa. Jukwaani, chini ya pazia jeupe la sinema, palikuwa na viti viwili. Safu ya mbele alikaa muongozaji, mwanamke mwembamba aliyefumbata mkoba mapajani kama anayengoja kuitwa kwa daktari. Mwalimu alianza. Alisema yake kwa utaratibu, moja baada ya jingine, watu wakapiga makofi ya heshima.

Jicho alisimama na kusalimia kwa sauti ndogo, hata watu wa nyuma wakamtaka aipaze. Lakini alipoanza kusema juu ya bibi, kodi inayopita chini ya mlango na sahani inayorudi tupu, sauti ilimrudia. Aliieleza hofu ya mtu anayeishi na kitu asichoweza kukifungulia mlango, na aliieleza vizuri kwa sababu hiyo aliijua. Ukumbi ulitulia. Muongozaji aliinua uso, macho yamemlowa. Mama Vitambaa alikuwa ameshaanza kunyoosha mkono kabla ya kura kuitishwa. Kama angeketi hapo, angeshinda.

Lakini sifa ni tamu, na mtu akishaonja haachi sahani ikiwa na kitu. Jicho akafungua mikono, akasema, "Na sababu kubwa ya kuipa tuzo ni ule mwisho. Ule mwanga, ndugu zangu. Bibi anafungua mlango, chumba kitupu, jua limejaa mpaka kwenye kuta, naye anakaa katikati ya mwanga na kulia. Nani kati yetu hakulia naye?"

Watu walitazamana. Safu za nyuma mtu aliguna, mwingine akauliza kwa sauti ya chini ni mwanga gani. Shemeji, aliyekuwa amekaa karibu na nguzo, aliinamisha kichwa hadi magotini. Muongozaji aliutazama uso wa Jicho kwa muda mrefu, kama anayetafuta pale alipomfahamu vibaya.

Mwalimu hakuwa mtu wa kufurahia mwenzake kuanguka. Alidhani rafiki yake amechanganya filamu mbili kwa wasiwasi wa jukwaa, akasema kwa upole kwamba huenda kumbukumbu imemteleza, basi waionyeshe dakika ya mwisho ili haki itendeke. Meneja akaafiki, akampungia mkono fundi wa mitambo juu. Jicho alitaka kusema hapana. Taa zikaanza kufifia.

Alibaki jukwaani, pazia kubwa nyuma yake, akageuka kulitazama. Bibi alikuwa pale, mkubwa kama nyumba, mkono wake kwenye kitasa. Ndiyo mara ya kwanza Jicho kumwona uso. Alijishikilia kwenye kiti akiungoja mwanga, akijiambia kwamba sasa hivi mlango utafunguka, sasa hivi jua litajaa, nalo litamfikia mpaka hapo aliposimama. Kitasa kikazunguka. Mlango ukafunguka. Pazia lote likawa jeusi.

Huo ndio uliokuwa mwisho. Muongozaji alikuwa ameizima picha kabisa, akamwacha mtazamaji ndani ya giza lile la chumbani, hana cha kuona, anasikia tu mtu akipumua karibu naye. Ndiyo maana watu walitoka kimya. Ndiyo maana Mwalimu alishika mkono wa asiyemjua. Aliyekaa ukumbini siku ile asingeweza kuusahau, wala kuuchanganya na mwingine.

Jicho hakujua hayo. Alichojua ni kwamba giza limemfika, na ndani yake mtu anapumua taratibu, kama mkewe alivyopumua kabla taa hazijarudi. Aliita jina la marehemu. Watu wote walimsikia. Kisha alianguka kwa magoti, akipapasa sakafu akitafuta mlango wa pembeni ambao haukuwa upande huo, akiomba taa ziwashwe, ziwashwe kwa jina la Mungu, kwamba hakuiona, hajaiona hata moja, anaogopa. Mahali fulani katika kupapasa huko, mkono wa mtu ulimkamata wake ukaushika kwa nguvu. Ulikuwa wa moto.

Taa ziliporudi, watu walimwona Jicho amepiga magoti na Mwalimu amechuchumaa kando yake, wameshikana mikono. Muongozaji alisimama kwenye safu ya mbele, mkoba kifuani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Jicho zaidi.

"Kaka," akamuuliza, "filamu yangu uliiona, au ulisimuliwa?"

"Nilisimuliwa," Jicho akajibu.

Mama yule aliitikia kwa kichwa, akachukua mtandio wake, akatoka. Kura ilipigwa kwa aibu, mikono ikinyooka nusu. Wengi walikuwa wamekuja na nia ya kuichagua *Chumba cha Mpangaji*, lakini nani atainyooshea mkono filamu ambayo hata mtetezi wake hakuitazama? Kura ya ukumbi ilikwenda kwa *Mbio za Asubuhi*. Mwalimu alishinda, akawa wa kwanza kusema kwamba ushindi huo hauna ladha. Siku ya tuzo ilipofika, *Chumba cha Mpangaji* ilikosa kwa kura chache ambazo idadi yake haikutangazwa. Kama kura ile moja ingeibeba au la, hakuna aliyejua, na kutojua huko Jicho alikubeba kifuani kila alipofungua duka na kuuona ukumbi ng'ambo ya barabara.

Jumapili iliyofuata ule mjadala, Jicho hakwenda mgahawani. Alifunga duka mapema, na alikuwa anateremsha pazia la kioo Mwalimu alipobisha hodi, Shemeji nyuma yake, macho yamevimba. Shemeji ndiye aliyetangulia kusema. Alisimulia yote, simu, mtoto, na jua alilolitunga, akasema kwamba uongo wake ndio uliomtupa mwenzake shimoni. Jicho akamjibu kwamba shimo alilichimba mwenyewe siku nyingi, yeye alimshikia taa tu. Walicheka kidogo, kicheko cha watu waliotoka kulia.

Mwalimu, ambaye Shemeji alikuwa ameshamweleza habari za mlango wa pembeni, hakucheka. Alisema alichokuja kusema kwa sauti ileile ya darasani. "Bwana Jicho, mke wangu naye alifia hospitalini. Mlango wa pembeni una kitasa, na kitasa kinafunguka. Ungetuambia tu, tungekaa nawe pale nyuma, mlango wazi, wiki zote hizi."

Wakavuka barabara. Ukumbi ulikuwa bado na taa, watu wachache wanatafuta viti. Dereva alikuwa ameshakalia safu ya nyuma, amewawekea nafasi na kuuegemeza mlango wa pembeni kwa kiatu chake, mstari mwembamba wa jua umelala kwenye zulia. Jicho aliketi. Akaitazama ile njia aliyoipita kwa siri Jumapili baada ya Jumapili, akiamini kwamba inampeleka mbali na hofu yake: ilianzia kitini hapo, ikaishia mlangoni pale, na mtu aliyekaa angeweza karibu kuigusa kwa mkono. Kweli, njia ya mwongo ni fupi.